Mwaka Niliomfundisha Rahma Choo

Siku ya tatu ya matanga ya wifi yangu Zainabu, wanawake walipokwisha kusoma na kulia na sasa wanachambua mchele, Rahma alihadithia tena kile kisa chake cha chooni. Rahma ndiye binti mkubwa wa marehemu, mtu mzima sasa, mama wa watoto watatu, na ana kipaji cha kuhadithia ambacho hakukipata kwa mamake. Alikaa katikati ya mkeka, ungo mapajani, akanionyesha kwa kidole mbele ya wanawake ishirini. "Huyu Shangazi Saumu ndiye alonifundisha choo," akasema. "Miezi saba, wallahi. Na nyanya yangu ndiye alonifungia humo mpaka mtaa mzima ukanitafuta." Akaigiza alivyokaa kimya ndani, akaigiza nyanyake akipapasa komeo kwa macho mabovu, na wanawake wakacheka mpaka wakajifuta machozi kwa pembe za leso, maana mtu aliyelia siku tatu hucheka kwa urahisi. Yeye mwenyewe hakumbuki hata chembe. Kisa chote amekipata kwa watu. Nami nilicheka. Jioni nikarudi kwangu nimekasirika, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumkasirikia, nikalikasirikia buli, ambalo halikufanya kosa lolote. Kisa kile ni cha kweli isipokuwa mahali pamoja, na mahali hapo nimepanyamazia miaka thelathini hivi. Sitaandika nilikozaliwa wala wazee wangu walikuwa nani, hayo hayana kazi hapa. Nitaandika mwaka ule tu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na kupata alama ambazo hakuna aliyezitarajia, mimi mwenyewe nikiwamo. Nilikuwa nimeomba nafasi ya kusomea ualimu huko bara. Barua ya kukubaliwa ilikuja mwezi wa pili, ikinitaka niripoti Septemba, na wiki ileile kaka yangu Salim, aliyekuwa akiuza leso katika duka moja la Biashara Street, akaja kunichukua. Mkewe Zainabu alikuwa na mimba ya taabu. Daktari amemwambia alale kitandani mpaka azae, asipande ngazi wala asiinue kitu, na nyumbani kulikuwa na Rahma wa miaka miwili na nusu, ambaye hakutulia ila akiwa amelala. Kaka aliisoma barua yangu amesimama, akaikunja vizuri, akaitia katika mfuko wa shati lake. "Utaenda," akaniambia. "Mimi sikuzuii. Lakini kwanza nifae. Huyu mtoto akishakubaliwa madrasa kwa Bi. Zena, asubuhi atakuwa huko, wifi yako ataweza kujimudu, nawe uende zako na radhi yangu." Sikuona ugumu wowote. Madrasa ya Bi. Zena ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwao. Niliuliza tu kwa nini asikubaliwe hata kesho. Kaka akajikuna shingo, akatazama pembeni. "Bado avaa nepi," akasema.

Nilimwendea Bi. Zena kesho yake, nimevaa buibui jipya na kujiamini kwingi. Alifundishia watoto sebuleni mwake, chini, watoto kama thelathini wakiyumbayumba juu ya mikeka, kila mmoja akisoma lake kwa sauti ya juu. Nikampa shikamoo. "Marahaba mwanangu. Hujambo? Wazima nyumbani? Na Zainabu vipi na hali yake?" Tulimaliza hali ya Zainabu, tukamaliza ya kaka, tukamaliza ya wazee, ndipo nikasema haja yangu. Bi. Zena alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akagonga mkeka kwa kiganja. "Kumsomesha nitamsomesha. Lakini mikeka hii ndiyo tusaliayo. Akininajisia mmoja, siwezi kukaa nikakisia maji yamefika wapi, nitwahirishe yote. Na maji ya mfereji wayajua hali yake. Siku atakayoweza kukaa kwangu toka asubuhi mpaka adhuhuri, mkavu, hiyo ndiyo siku yake ya kwanza." Nilihesabu miezi kwa vidole nikirudi, nikaona ninayo sita na nusu. Nikajiambia hata paka huelewa kwa wiki moja.

Nyumba yao ilikuwa ya mawe, ya kizamani, katika kichochoro cha Mji wa Kale ambacho watu wawili wenye vikapu hawapishani bila kuombana radhi. Chini aliishi fundi saa na familia yake. Sisi tulikuwa juu, vyumba vitatu vilivyopangana kando ya ukumbi mrefu. Cha kwanza alilala Zainabu mchana na usiku, akiwa na redio yake ya kaseti na feni. Cha pili tulilala mimi na Rahma. Cha tatu, karibu na choo, kilikuwa cha Bimkubwa, mamake Zainabu, mjane mfupi mwenye mtoto wa jicho kwa macho yote mawili na masikio ambayo hayakukosa kitu. Choo chenyewe kilikuwa mwisho wa ukumbi, chumba chembamba chenye kuta nene, kidirisha kimoja juu ya kichwa cha mtu, birika la maji lililojengwa pembeni na kata ya kifuu ikielea ndani, na sakafuni, kati ya mawe mawili ya kukanyagia, lile tundu. Mlango ulikuwa na komeo ndani na komeo nje. La nje lilikuwa la Bimkubwa. Kila akipita, mchana au usiku, alipapasa mlango akalisukuma komeo, kwa ajili ya panya, alisema, na kwa ajili ya watoto.

Nilianza na poti. Kaka alilinunua madukani Makadara, la plastiki, la njano, na Rahma alilipokea kwa furaha akalitumia kwa kila kitu isipokuwa kazi yake. Alilivaa kichwani. Alilitia mbaazi za watu akamlisha paka. Asubuhi, tulipokaa ukumbini kula mahamri, nilimkalisha juu yake nami nikichuchumaa mbele nikimpigia "sss, sss" mpaka mate yakanikauka, naye alinitazama kwa huruma. Kisha huinuka, akatembea hatua tatu mpaka kwenye mkeka, akakojoa hapo amesimama wima, akanitazama usoni na kuniarifu, "Shangazi, maji." Bimkubwa aliweka kikombe chake chini. "Mtu hafanyi haja yake mahali watu walapo," akasema. "Kama wataka ajue choo, mpeleke choo. Hicho kibakuli chamfundisha nini?" Nikasema tundu ni kubwa kwa mtoto mdogo, ataogopa. "Naaogope. Mchelea mwana kulia hulia yeye." Nilikuwa msichana wa alama nzuri, nikamjibu kwamba mambo hufundishwa kwa hatua, kwanza hili, kisha lile. Bimkubwa alimega hamri lake, akasema na paka.

Watu wote walikuwa na ushauri. Mke wa fundi saa alisema nimnyime maji baada ya alasiri. Mama wa mwanamke huyohuyo akasema nimpe maji mengi. Kaka alisema watoto wa rafiki yake mmoja waliacha nepi kwa wiki moja, bila kusema walikuwa na mayaya wangapi. Masika yalipoanza, nepi hazikukauka. Zilikuwa za leso kuukuu, leso zenye kasoro ya rangi ambazo kaka alipewa dukani, nami nilizitandika kwenye kamba kutoka mwisho wa ukumbi hadi mwisho, hata mtu akitoka chumbani kwake alipita ameinama. Maji ya mfereji yaliweza kukatika siku nne. Tuliyanunua kwa wenye mikokoteni, nami niliyapandisha ngazi debe baada ya debe, na debe la kwanza kila siku liliishia kufulia mikojo. Rahma aliharibu musalla wa Bimkubwa. Aliharibu bunda la leso mpya ambazo kaka alizileta nyumbani kwa mteja wa harusi, akiwa amekaa juu yake raha mstarehe akila kachiri. Nilikuwa na hasira kutoka alfajiri. Nilikuwa nikiamka tayari nimemkasirikia, kabla hajafanya lolote, ili nisichelewe.

Ukuta kati ya chumba chetu na cha Zainabu haukufika juu, na maneno ya mchana yalipita hapo kama hapana ukuta. Adhuhuri moja nimemlaza Rahma, nikamsikia Zainabu akimwambia mamake, "Saumu ana haraka, mama. Mtoto hapimwi kwa kalenda." Bimkubwa akauliza haraka ya nini. "Si ile barua yake. Yuwataka kwenda bara." Nikasikia tambuu ikisagwa kinuni. Kisha Bimkubwa akasema, "Barua, barua. Mimi na umri wake nilikuwa na watoto wawili. Sikuona barua hata moja." Nililala chali nikitazama boriti za dari. Nilijua basi kwamba mzee yule hataki niende, na kwamba kila komeo analosukuma na kila neno analonikosoa ni njia ya kunichelewesha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliweza kusoma mawazo ya watu wote.

Mwisho wa mwezi wa nne nilishindwa. Poti nikampa paka moja kwa moja, nikampeleka Rahma choo chenyewe, kwenye tundu. Siku ya kwanza alililia tundu kama anayetupwa kisimani. Siku ya tatu, nikimshika kwapani, alilichungulia. Siku ya tano akaanza kulisemesha, na hapo ndipo taabu mpya ilipozaliwa, kwa sababu Rahma akianza kusema hakumbuki kilichomleta. Alilisalimu tundu. Aliliuliza limekula nini. Alimsemesha mjusi wa ukutani, akaita kila mtu nyumbani kwa jina aje amtazame, akaniuliza kata imetoka wapi na kifuu kimetoka wapi na mnazi umetoka wapi, nami miguu imekufa ganzi kwa kuchuchumaa. Nusu saa nzima, kisha hutoka mkavu, akavuka kizingiti, akakojoa ukumbini. Bimkubwa aliyasikia yote kutoka chumbani mwake. "Ndoo hapa, Saumu," akaniita siku moja. "Huyo mtoto yuwasema chooni. Mfundishe adabu zake. Yuwaingia kwa guu la kushoto, yuwatoka kwa la kulia, hatuelekei kibla, na hatusemi chooni ila kwa dharura." Kwa mara ya kwanza nilikubaliana naye kwa moyo wote. Hiyo ndiyo dawa, nikasema. Nilimfundisha Rahma mguu wa kushoto na mguu wa kulia, akaupenda mchezo huo. Kisha nikamfundisha kunyamaza. Ile "ila kwa dharura" niliiacha. Rahma hakuwa mtoto wa kupewa "ila". Ukimpa, kila kitu kwake kitakuwa dharura, mjusi akiwamo. Nilimwambia hatusemi chooni, basi. Nilimwambia anayesema chooni tundu humjua jina. Na alipojaribu kusema nilimfinya.

Ilifanya kazi, nakiri. Ndani ya wiki mbili Rahma aliingia chooni kwa mguu wa kushoto, mdomo ameufumba mpaka mashavu yamevimba, akachuchumaa, akafanya, akaningoja kimya nimtawaze, akatoka kwa mguu wa kulia, na hapo mlangoni yakamwagika maneno yote aliyokuwa ameyazuia. Mwezi wa tano wote alikosa mara mbili tu. Nilianza kukunja nepi na kuzitia sandukuni. Mwezi wa sita Zainabu akazaa mvulana, alhamdulillahi, mzima na mnene, na siku mtoto alipoletwa nyumbani Rahma akamtazama anavyovalishwa nepi, akatazama watu wote walivyomkalia duara, akakojoa hapo hapo mbele ya wageni. Kesho yake mara nne. Kesho kutwa yake alikataa choo kabisa na kudai nepi yake. Nikawa nafua za watoto wawili. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, wageni waliniambia wakinywa uji wa pilipili manga, na mwanamke wa tatu aliponiambia hivyo nilitoka ukumbini nikaenda kusimama ngazini mpaka nikatulia. Siku moja ya mwezi wa saba, Rahma amechafua mkeka mbele ya macho yangu baada ya kukataa choo dakika hiyohiyo, nilimpiga kofi. Si la kuonya. Alama za vidole zilikaa pajani mpaka magharibi, na Rahma alilala nazo bila kunishtaki kwa mtu. Siku ile nililia mimi.

Agosti ilipoingia nilikuwa nimekwisha kata tamaa, na labda ndiyo sababu mtoto akapona. Sikumshurutisha tena. Asubuhi moja aliniambia mwenyewe, "Shangazi, choo," akatangulia. Siku nne zikapita, saba, kumi. Bi. Zena akaja kunywa chai, akamtazama Rahma akiingia na kutoka kwa adabu zake zote, kimya kama mtu mzima, akasema, "Mashallah. Mlete Jumatatu." Jioni ile kaka aliitoa barua yangu, akanirudishia mkononi. Lakini kabla hajaiachia alisema neno. "Nakutuma ukafundishe watoto wa watu, Saumu. Nimekutazama na huyu mmoja. Kama ungalishindwa na mmoja, nisingalikuruhusu kwenda kwa arubaini." Alisema kwa mapenzi. Nilicheka, nikaishika barua kwa mikono miwili.

Alhamisi, siku nne kabla ya Jumatatu ile, asubuhi tumekwisha kula viazi vya karai na chai, Rahma akaomba choo. Nikamwingiza. "Ukimaliza ngoja hapo hapo," nikamwambia. "Usitoke mpaka nije nikutawaze. Na hatusemi." Akatikisa kichwa, mashavu yamevimba. Nikaurudisha mlango. Hapo nikasikia hodi ngazini. Ni Mwanamisi, tuliyesoma pamoja, naye alikuwa amekubaliwa chuo kilekile. Alikuwa akitweta. Barua ilitaka picha ndogo nne, jambo ambalo sote wawili tulilisahau, na mpiga picha wa Makadara alikuwa akifunga duka siku hiyo kwenda kwao wiki mbili. "Sasa hivi au basi," akasema. "Mimi naenda, waja au huji?" Nilichukua buibui langu msumarini, nikashuka ngazi nikilivaa. Ningependa kuandika kwamba nilimkumbuka Rahma nikajiambia dakika tano hazimdhuru. Sikumkumbuka. Nilimsahau kabisa, mtoto ambaye kwa miezi saba sikufikiri jambo jingine ila choo chake. Tulipiga picha, tukangoja zisafishwe, tukacheka jinsi tulivyokodoa macho, tukazungumza masanduku na mashuka na baridi ya bara. Nilirudi nikiwa na bahasha kifuani chini ya buibui, na sijapata kutembea mwepesi namna ile mjini humo.

Bimkubwa alikuwa juu ya ngazi. "Rahma yuwapi?"

"Si yuko kwa wifi?" nikasema, na nilivyosema nilikuwa naamini.

"Kwa Zainabu hayuko. Kwa fundi saa hayuko. Nilidhani umemchukua."

"Nilishuka dukani mara moja, kununua sabuni," nikasema, na huo ulikuwa uongo, na sikuwa na sabuni mkononi. Zainabu alitoka chumbani kwake na mtoto mchanga begani, uso umemtoka rangi. Mlango wa chini ulikuwa wazi, kama nilivyouacha. Tuliita vyumba vyote. Bimkubwa alikwenda mpaka mwisho wa ukumbi akaita mlangoni mwa choo, "Rahma! Umo humu?" akangoja, hakujibiwa, na komeo la nje lilikuwa limefungwa, basi tukajua hayumo. Tukatoka nje bila viatu. Mke wa fundi saa akachukua kichochoro cha kulia, mimi wa kushoto. Bi. Zena aliwatoa wanafunzi wake wakubwa wakapiga mbio kila upande. Mtu akakimbia Biashara Street kumwita kaka, naye akaja mbio na futi ya kupimia kitambaa ikiwa bado shingoni. Msikitini wakatangaza kwa kipaza sauti, mtoto wa kike, miaka mitatu, gauni la maua mekundu. Nyuma ya nyumba ya jirani kulikuwa na kisima, na wanaume wawili walikuwa wakiondoa mbao za juu yake wakimulika kwa tochi. Nilisimama ukingoni na wengine, sioni kitu ila maji, na mtu mmoja akaniuliza kwa upole, "Mlimwona wapi mara ya mwisho?" Ndipo nikayaona mashavu yake yaliyovimba.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka komeo, kwamba lilikuwa zito na vidole vyangu vilikuwa vimelowa jasho. Rahma alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya birika, gauni amelipandisha lisiguse chini, na pindo lake amelitia mdomoni na kuliuma. Uso ulikuwa umelowa wote, na lile pindo pia. Alikuwa amelia saa nzima na zaidi, ametusikia tukimwita jina lake, nyanyake mlangoni kabisa, sote, na hakutoa sauti. Hakuharibu kitu. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Aliponiona alijaribu kusimama, miguu ikakataa, nikamwinua. Kizingitini akanipiga piga begani nimshushe. Akavuka kwa mguu wa kulia, akatoa pindo mdomoni.

"Nshamaliza kitambo, Shangazi," akasema.

Jioni tulikaa ukumbini, wali na mchuzi wa samaki umepoa katika sinia hakuna aliyegusa, isipokuwa Rahma aliyekula kwa mikono miwili. Kaka alikuwa ametulia, na kutulia kwake ndiko kulikonitisha. Akauliza nani alimwingiza chooni. Bahasha ya picha ilikuwa bado kifuani mwangu, pembe zake zikinichoma. Nilijua la kusema, lilikuwa neno moja, nami nilifungua mdomo nikaona Septemba, nikaona nimebaki ukumbini mule chini ya nepi mpaka mtoto mchanga naye afike miaka mitatu. "Rahma," kaka akasema, "nani alikupeleka chooni, mama?" Rahma alinitazama akitafuna. "Hatusemi," akajibu. Hapo Bimkubwa akakohoa. "Alikwenda mwenyewe," akasema. "Si mmemfundisha aende mwenyewe? Ni mimi niliyefunga komeo. Sikutazama ndani. Mato haya, Salim, hayana kazi tena." Zainabu alimgeukia mamake akamwambia maneno ambayo binti hamwambii mama mbele ya watu, kwamba mtoto angalitumbukia birikani, kwamba nyumba ile haina haja ya mlinzi kipofu. Bimkubwa aliyapokea yote ameinamisha kichwa. Siku tatu Zainabu hakusema naye. Na mimi nilikula, ndiyo, baadaye nilikula, nikijiambia kwamba kweli yeye ndiye aliyefunga komeo.

Jumatatu Rahma alikaa kwa Bi. Zena mpaka adhuhuri, akarudi mkavu na herufi tatu. Jumatano ilikuwa safari yangu. Kaka alinibebea sanduku mpaka chini, Zainabu akanibusu, Rahma hakuamka. Bimkubwa alinisubiri mwisho wa ngazi, ameshika ukuta, na karatasi ya mahamri ya moto mkononi. Niliinama kumshika mkono na kuubusu, naye hakuuachia wangu. Alisogeza uso karibu, kama afanyavyo mtu asiyeona vizuri, akasema kwa sauti ndogo kaka asisikie.

"Zile picha za Makadara," akauliza, "zilitoka vizuri?"